Kupima chumvi ya kisima cha pwani kwa kihisi cha kujitengenezea

Ukichimba kisima Kigamboni, Jambiani au Nyali, jirani atakuuliza jambo moja tu: maji yake baridi au ya chumvi? Unaonja, unamjibu. Kwa siku ya kwanza ulimi unatosha. Shida ni kwamba chumvi ya bahari haiingii kisimani kwa kishindo. Inapanda taratibu, mwezi baada ya mwezi, na anayeyanywa maji hayo kila siku anaizoea bila kujua. Wa kwanza kushtuka huwa mgeni, au mchicha unaoungua ncha za majani.

Mwongozo huu unahusu kihisi cha bei nafuu kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme, na kwa njia hiyo kiasi cha chumvi iliyomo. Anayejua kulehemu waya na kupakia programu kwenye bodi ya Arduino, yaani kompyuta ndogo ya kuendesha vihisi, atakimaliza wikiendi moja. Kazi kubwa inakuja baadaye, kwenye kukisawazisha na kuandika vipimo vya kisima kilekile kwa miezi. Hapo ndipo thamani yake ilipo, kwa hiyo nitakaa zaidi hapo.

Mapema kabisa tuelewane: kihisi hiki hakioni vijidudu. Maji yanaweza kusoma chumvi kidogo sana na bado yakawa na kinyesi cha choo cha jirani. Hakioni floridi pia. Ukiwa Arusha au Meru, adui wako ni floridi, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na kuipima kunahitaji elektrodi ya aina nyingine kabisa, yenye fuwele ya lanthanamu floridi.

Unachokipima

Maji matupu hayapitishi umeme wa maana. Chumvi zilizoyeyuka ndizo zinazoubeba, na zikiongezeka umeme unapita kwa urahisi zaidi. Kipimo chake ni maikrosimensi kwa sentimita, huandikwa µS/cm. Maji ya mvua kwa kawaida hayafiki 50. Maji ya bahari yako karibu 53,000 kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Kisima chako kiko mahali fulani katikati, na swali ni kinaelekea upande gani.

Chini ya ardhi ya pwani, maji ya mvua yaliyopenya mchangani hukaa juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi kidogo: lita ya maji ya bahari ina kilo 1.025 hivi. Mji wa Lamu umeishi miaka mingi kwa maji ya namna hiyo, yaliyohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mholanzi Badon Ghijben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kwa wakati wake, walipiga hesabu ya tofauti hiyo ndogo ya uzito: kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini ya usawa huo. Sasa igeuze hesabu. Ukivuta kwa pampu hadi maji yashuke nusu mita na yabaki hapo, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 20 kukufuata.

Na chumvi kidogo inatosha kuharibu. Lita ya maji ya bahari ina gramu 19 hivi za kloraidi, wakati ladha ya kloraidi huanza kusikika kwenye miligramu 250 hivi kwa lita. Asilimia 2 tu ya maji ya bahari ikichanganyika na maji yako, umeshavuka hapo.

Vifaa

Bodi ya Arduino Uno, hata zile za kuiga. Risista ya omu 470 na nyingine ya omu 4,700. Kipimajoto cha DS18B20, kile kilichofungwa ndani ya bomba dogo la chuma lenye waya mrefu. Skrubu mbili za stenlesi za milimita 4, kofia na kipande cha bomba la PVC la nusu inchi, gundi ya epoksi ya kuchanganya, waya, na powabanki. Elektroniki utazipata Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa walio Nairobi. Skrubu na bomba ni duka lolote la vifaa vya ujenzi.

Skrubu ziwe stenlesi kweli. Nenda na sumaku: zinazong'ang'ania sana mara nyingi ni chuma cha kupakwa tu, zitashika kutu na kukuchafulia vipimo. Wengine hutumia vijiti vya kaboni kutoka betri kubwa zilizokwisha za redio. Vinafanya kazi, lakini kaboni ina vitundu vinavyonyonya maji ya kisima kilichopita, na ukitoka kwenye maji ya chumvi kwenda ya baridi utasubiri sana. Mimi sivipendi.

Utakutana pia na vihisi vya TDS (jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka) vilivyokwisha kuundwa. Vingi vya bei ya chini vinakoma kwenye miligramu 1,000 kwa lita. Kwa maji ya bomba vinatosha, ila visima vingi vya pwani huanzia huko, kwa hiyo kihisi kitagota juu na kubaki kikikuonyesha namba ileile.

Kutengeneza kichwa

1. Toboa kofia ya bomba matundu mawili, katikati ya moja na jingine sentimita 1. Pitisha skrubu, kaza nati kwa nje, na ufunge waya kwenye kila moja.

2. Paka epoksi kwenye skrubu upande wa ndani, ukiacha ncha wazi milimita 5 tu. Pima kwa rula, zilingane. Ukiziacha wazi zote, maji ya chumvi yatapitisha umeme mwingi kuliko kifaa kinavyoweza kupima vizuri.

3. Funika na nati za nje kwa epoksi, pamoja na maungio ya waya. Iache ikauke usiku kucha hata kama pakiti inasema dakika tano.

4. Vika kofia kwenye kipande cha bomba cha sentimita 6. Upande wa chini ubaki wazi. Toboa matundu manne karibu na kofia ili hewa itoke unapokichovya.

Bomba hilo si pambo. Umeme haupiti mstari mnyoofu kati ya ncha mbili, unatanda kwenye maji yote yaliyozunguka. Elektrodi, yaani zile skrubu mbili, zikiwa uchi, ukizisogeza karibu na ukingo wa kikombe namba inabadilika hata kama maji ni yaleyale. Ndani ya bomba, umbo la maji yanayopimwa ni lilelile kila siku.

Waya na kugeuza umeme

Mpango ni huu: pini 7 ya bodi iende kwenye risista ya omu 470, kutoka hapo kwenye pini A0 (ya kusomea volti) pamoja na elektrodi ya kwanza. Elektrodi ya pili iende pini 8. Kipimajoto kina waya tatu: nyekundu kwenye volti 5, nyeusi kwenye GND (upande hasi), na ya data (aghalabu ya njano) kwenye pini 2, huku risista ya omu 4,700 ikiunganisha data na volti 5.

Kosa la wengi wanaoanza ni kupitisha umeme wa upande mmoja tu kama wa betri. Ukifanya hivyo, chaji za chumvi zinajikusanya kwenye kila elektrodi na kuziba njia, vipovu vya gesi vinatokea, na chuma chenyewe kinaanza kuliwa. Utaona namba ikitembea mbele ya macho yako, haitulii. Dawa ni kugeuza umeme haraka. Programu iwashe pini 7 na kuzima 8, isome A0 mara moja, kisha igeuze: 8 iwake, 7 izime, isome tena kwa muda uleule. Kusoma mara moja kwenye Uno huchukua karibu sehemu 1 ya 10 ya milisekunde, kwa hiyo kila upande unapata muda mfupi sana. Baada ya hapo zima pini zote mbili kwa milisekunde 20, urudie mara 100, uchukue wastani.

Kugeuza huku kunakupa zawadi ya ziada. Arduino inasoma kuanzia 0 hadi 1023, na usomaji wa pande mbili ukijumlishwa unatakiwa kutoa 1023. Ukipata 540 upande mmoja na 483 upande wa pili, mambo ni mazuri. Ukipata 540 na 455, jumla yake 995, elektrodi zimechafuka, kuna kipovu, au muda wa pande mbili haulingani. Ifanye programu ikuonyeshe jumla hiyo kila mara. Ni mstari mmoja tu wa kuongeza, na utakuepusha na kuamini upuuzi.

Hesabu

Toa usomaji wa pili kwenye 1023, kisha chukua wastani wa jibu hilo na usomaji wa kwanza. Tuuite A. Pini za Arduino zenyewe zina ukinzani wa karibu omu 25 kila moja, na ukiupuuza maji ya chumvi sana yatasoma pungufu. Hivyo ukinzani wa maji ni:

R = 495 × A ÷ (1023 − A) − 25

Hiyo 495 ni risista yako 470 ukijumlisha 25 ya pini. Gawa 1,000,000 kwa R upate upitishaji kwa maikrosimensi, kisha zidisha na namba ya kichwa chako, K, ambayo bado huijui. K inategemea umbo la kichwa ulichotengeneza, na hakuna vichwa viwili vya mkono vilivyo sawa. Usinakili K ya mtu.

Mwisho ni joto. Maji yakipata joto yanapitisha umeme zaidi, karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi moja. Ili vipimo vya asubuhi na vya mchana vilinganishwe, vyote hurudishwa kwenye nyuzi 25: gawa jibu kwa 1 + 0.02 × (joto − 25).

Kusawazisha

Hapa unahitaji maji ambayo upitishaji wake unajulikana. Maduka ya vifaa vya maabara huuza chupa ya 1,413 µS/cm. Unaweza pia kuitengeneza kwa kloraidi ya potasiamu: gramu 0.745 kwenye lita moja ya maji yaliyotolewa chumvi hutoa 1,413 kwenye nyuzi 25, na gramu 7.455 hutoa 12,880. Maji ya betri kutoka sheli yanafaa kwa kazi hii, ila hakikisha ni maji na si asidi ya betri, maana chupa hufanana. Chovya kihisi humo kwanza. Yakisoma zaidi ya 10 au 20, tafuta mengine.

Mizani ya jikoni haiwezi kupima gramu 0.745. Tumia mzani mdogo kama wa sonara, upime gramu 7.455, uyeyushe kwenye lita moja, kisha chukua mililita 100 za hayo ujazie maji hadi lita moja. Umepata zote mbili. Ukikosa kabisa chumvi ya potasiamu, gramu 1 ya chumvi ya mezani kwenye lita moja hutoa karibu 2,000. Ni ya kukagulia tu, kwa kuwa chumvi ya jikoni ina unyevu na vitu vingine ndani.

Suuza kichwa mara tatu kwa maji hayohayo ya kusawazishia, ukimwaga kila mara, ndipo upime. Tuseme chumba kina joto na maji yako nyuzi 28, na A ni 540. R inakuwa 528, upitishaji 1,893. Kwenye nyuzi 28 maji yale si 1,413 tena, ni 1,413 × 1.06, yaani 1,498. Gawa 1,498 kwa 1,893: K yako ni 0.79. Iandike kwa kalamu ya wino mzito kwenye bomba lenyewe, pamoja na tarehe.

Kisha jaribu yale ya 12,880. Kikisoma ndani ya asilimia 5, nenda kazini. Kikikosea zaidi, angalia epoksi kama imeachia na maji yanapenya nyuma ya skrubu.

Rudia kusawazisha kila wiki unapokitumia, na kila ukikisafisha. Usiyarudishe chupani maji uliyokwisha kuchovya.

Kisimani

Kama kisima si chako, omba. Wenye visima wengi wanauza maji, na mtu anayekuja na waya na kompyuta anafanana na aliyetumwa na mamlaka. "Shikamoo mama, naomba kikombe kimoja cha maji nikipime chumvi, majibu nitakuonyesha hapahapa," inatosha. Na muonyeshe kweli.

Tumia powabanki, au kompyuta iliyo kwenye betri yake, kamwe usitumie iliyochomekwa ukutani. Umeme wa nyumba unavuruga vipimo, na mikono yako iko kwenye maji. Baadhi ya powabanki hujizima zenyewe kwa kuwa Arduino inakula umeme kidogo mno. Ukiona taa imezima baada ya nusu dakika, badilisha powabanki, bodi haina kosa. Volti zikishuka kidogo si neno, maana kipimo ni uwiano.

Kwenye kisima cha pampu, chukua maji kwenye bomba linalotoka kisimani kabla hayajaingia tangini. Acha yatiririke, upime kila baada ya dakika chache mpaka namba itulie, ndipo uandike. Kwenye kisima cha ndoo, zamisha ndoo, usikwangue juu. Suuza kikombe na kichwa mara tatu kwa maji ya kisima hicho. Chovya, gonga bomba kwa kidole vipovu vitoke, subiri kipimajoto kitulie. Mfano: A ni 350 na maji yana nyuzi 29. R ni 232, upitishaji 4,303, mara 0.79 ni 3,399, gawa kwa 1.08. Jibu ni karibu 3,150 µS/cm.

Kwenye daftari andika tarehe, saa, joto, A, jumla ya pande mbili, jibu, pampu ilikuwa imewaka kwa muda gani, na hali ya bahari: maji kujaa au kupwa, bamvua (maji makubwa) au maji mafu (maji madogo). Visima vilivyo karibu na ufuo huweza kupanda na kushuka pamoja na bahari, na usipoandika utadhani kisima kimeharibika kumbe umepima wakati wa bamvua leo na wakati wa maji mafu juzi. Chagua saa moja ya bahari, tuseme saa mbili baada ya maji kujaa, ushikamane nayo. Lililo muhimu ni kulinganisha kiangazi na kiangazi, masika na masika.

Kuzisoma namba

Kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa, EAS 12, kinaruhusu hadi 2,500 µS/cm kwa maji ya asili na 1,500 kwa yaliyosafishwa. Ukitaka miligramu za chumvi kwa lita, zidisha kwa 0.6 hivi, zile 3,150 ni karibu 1,900. Shirika la Afya Duniani linasema maji yanayozidi miligramu 1,000 kwa lita huanza kuwa na ladha isiyopendeza.

Kwa bustani, mwongozo wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, unaweka chini ya 700 kuwa salama, 700 hadi 3,000 kuhitaji tahadhari, na zaidi ya 3,000 kuwa na vikwazo vikubwa. Minazi itavumilia. Maharage hayatavumilia. Na fundi anayetaka kuchanganya zege la nondo kwa maji hayo mkataze, kloraidi itakula chuma ndani kwa ndani.

Namba ikipanda, usiseme bahari mara moja. Choo kilicho karibu pia kinaongeza chumvi. Dalili za bahari ni kupanda kadiri pampu inavyowaka muda mrefu na kufuata kujaa kwa maji. Ukitaka uhakika zaidi, pima kloraidi kwa vijikaratasi vya kupimia. Wapenda ufundi wanaweza kuloweka waya wa fedha safi kwenye Jik (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) hadi uwe wa kijivu-zambarau. Huo ni elektrodi ya kloraidi, unaobadilika karibu milivolti 59 kila kloraidi inapoongezeka mara kumi. Ila utahitaji pia elektrodi ya rejea na kipima volti chenye ukinzani mkubwa, na hiyo ni kazi nyingine.

Kihisi kikisumbua

Namba ikishuka polepole wiki hadi wiki kwenye maji ya kusawazishia, ni ukoko. Visima vya mawe ya matumbawe vina chokaa nyingi. Loweka kichwa kwenye siki au maji ya ndimu kwa robo saa, suuza, sawazisha upya. Namba ikirukaruka, ni kipovu au waya uliolegea. Ukichovya pamoja na kihisi cha pH (cha kupima uchachu) kwenye kikombe kimoja, vyote viwili vitasema uongo, kwa kuwa umeme wa kimoja unapenya kwenye kingine. Pima kimoja kimoja. Usikiache kisimani moja kwa moja. Utelezi unaota ndani ya siku chache.

Chumvi ikipanda

Hatua ya kwanza ni kupunguza kasi ya kuvuta. Vuta kidogo kwa muda mrefu, upumzishe kisima kati, badala ya kujaza tangi kubwa kwa mkupuo. Pandisha pampu karibu na uso wa maji kadiri inavyoruhusu bila kuvuta hewa. Elekeza maji ya paa kwenye shimo la kuyanyonya ardhini wakati wa masika.

Mchimbaji atakushauri uongeze kina. Karibu na ufuo, kwenda chini ni kuifuata chumvi. Mwonyeshe daftari kwanza. Na kabla ya kutumia pesa yoyote kubwa, peleka chupa moja maabara wapime kloraidi na vijidudu: chupa ya vijidudu uichukue kwao ikiwa imesafishwa, uifikishe siku hiyohiyo ikiwa kwenye barafu, na upime upitishaji wake kwenye kikombe cha pembeni, usichovye kihisi ndani yake.